Michoro ya Odalys na Diski ya Tamthilia

Dayamí akirudi kutoka shule, kitu cha kwanza alichofanya kila siku kilikuwa kufungua jokofu. Hakuwa na njaa. Alitaka kuona kama taa ya ndani inawaka. Ikiwaka, maana yake umeme upo, na umeme ukiwepo mchana nyumba nzima ilikimbizana: maji yapandishwe tangini, maharage meusi yaingie jikoni, sare zipigwe pasi, simu zichajiwe, yote hayo kabla wenye umeme wao hawajabadili mawazo.

Siku hiyo taa iliwaka. Sebuleni mama yake, Odalys, alikuwa ameinamia kompyuta, mapazia yamefungwa na jua lote lile limeachwa nje.

"Funga mlango, nyuki wangu," alisema bila kugeuka. "Bata mmoja alikuwa anapita pita hapa tangu asubuhi, anajifanya anatafuta paka."

Nyumba yao ilikuwa La Loma, upande wa nyuki. Ng'ambo ya barabara kuu ya mji wao, San Lino, kulikuwa na La Laguna, upande wa bata. Mwaka mzima watu wa pande hizo mbili waliazimana chumvi, walioana na walizikana bila maneno. Lakini Novemba ikiingia, kila upande ulijifungia katika karakana yake kutengeneza gari la parranda, sherehe yao ya kushindana, yaani gari refu kuliko nyumba ya ghorofa, lenye taa na watu waliovaa mavazi ya ajabu, ambalo lingesukumwa hadi uwanjani mwezi wa Desemba. Mpaka siku hiyo, hakuna aliyemwambia mtu wa upande wa pili hata rangi ya msumari. Hata baba yake Dayamí, Lázaro, ambaye alizaliwa bata na angekufa bata, alikunja shuka zake kila Novemba, akambusu mkewe, akahamia kwa mama yake La Laguna hadi sherehe ipite. Waume na wake wa namna hiyo walikuwa wengi mjini, wala hakuna aliyewashangaa.

Mwaka huo La Loma walikuwa wamempa Odalys kazi ya kuchora gari lao. Kwa miaka mingi alikuwa akipaka rangi tu michoro ya wengine. Sasa gari zima lilitoka kichwani mwake: harusi chini ya bahari, na pweza mkubwa anayepiga ngoma kwa mikono yote minane. Mafundi seremala na mafundi umeme walichukua kwake mchoro mmoja mmoja, wakimaliza kipande wanarudi kuomba kingine. Michoro yote ilikaa ndani ya kompyuta ile ile kuukuu, katika folda aliyoipa jina la Mapishi ili mdukuzi yeyote aipite.

"Mama, inalia tena," Dayamí alisema. Ndani ya kompyuta kulikuwa na sauti ndogo, tiki, tiki, tiki.

"Naisikia, na siipendi hata kidogo." Odalys alisimama akanyoosha mgongo. "Sikiliza vizuri. Mimi naenda karakana. Wewe nakili folda ya Mapishi kwenye ile diski ya kijivu ambayo mtaa ulitununulia. Ukimaliza ichomoe, ichomeke tena, halafu fungua mchoro mmoja mmoja uone kama unafunguka. Usiniambie umemaliza kabla hujaiona yote kwa macho yako."

"Sawa, mama."

Shida ilikuwa moja. Diski ya kijivu haikuwa na nafasi. Dayamí alikuwa ameijaza video za kucheza dansi alizopewa na rafiki yake Liset, video nzuri mno, na kila alipotaka kufuta moja aliona hiyo ndiyo nzuri kupita zote. Alikaa akiziangalia hadi maharage yakakaribia kuungua. Kisha macho yake yakaenda kwenye diski nyeusi iliyokuwa juu ya televisheni.

Diski nyeusi ilikuwa ya kifurushi. Mtandao ulikuwa wa taabu, kwa hiyo kila wiki watu wa San Lino walipeleka diski zao kwa Chicho, rafiki wa baba yake Dayamí, mtaani La Laguna, naye akawajazia tamthilia mpya, filamu, katuni na mechi za besiboli za wiki nzima. Dayamí alijiambia kwamba ataweka michoro humo kwa muda tu, na jioni atafuta dansi na kuihamishia mahali pake. Alinakili folda, akachomoa diski, akairudisha juu ya televisheni. Hakufungua hata mchoro mmoja.

Jioni umeme ukakatika. Mama aliporudi, nywele zimejaa vumbi la mbao, aliuliza gizani, "Umenakili?"

"Nimenakili."

"Umeifungua yote?"

Dayamí alisita kidogo tu. "Nimeifungua yote, mama."

"Mwanangu wewe ni dhahabu," Odalys alisema, akambusu kwenye paji la uso. Busu lile lilimkaa Dayamí vibaya hadi akapata usingizi.

Kesho yake alirudi kutoka shule mbio, amekwishaamua: anafuta dansi zote, ananakili upya, mambo yamekwisha. Alifungua jokofu. Giza. Akageuka kuiangalia televisheni, na juu yake hakukuwa na kitu.

"Mama, diski nyeusi iko wapi?"

"Baba yako alipita asubuhi akaichukua mlangoni, akiwa njiani kwenda kazini kwenye tanuri la mikate. Si unajua leo ni siku ya kifurushi?"

Dayamí aliketi. Kila mtoto wa San Lino alijua kazi ya Chicho ilivyo. Kwa kuwa kifurushi kilijaza diski yote, Chicho akipokea diski ya mtu aliisafisha kwanza, akaiweka kwenye foleni mezani, kisha mchana umeme ukirudi akaanza kujaza. Hata hivyo alijipa moyo. Michoro yenyewe si iko kwenye kompyuta? Umeme ukirudi tu, atanakili.

Umeme ulirudi baada ya chakula, na ulirudi kwa hasira. Balbu ziling'aa kuliko kawaida, feni ikapiga kelele, kitu kikalia paa! ndani ya kompyuta na harufu ya plastiki ikatanda sebuleni. Kisha kila kitu kikazima tena. Odalys alingoja umeme ukarudi kwa utulivu, akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka, kikaandika kwamba hakioni diski kuu yoyote. Ile tiki tiki ilikuwa imenyamaza. Dakika chache baadaye zamu yao ya umeme ikaisha, nyumba ikanyamaza pia.

Dayamí alimtazama mama yake akitarajia kilio. Odalys alishusha pumzi, halafu, jambo la kushangaza, akacheka.

"Imekufa, maskini. Imetutumikia vya kutosha." Akaanza kutayarisha kahawa huku akiimba kwa sauti ya chini. "Unajua ningekuwa wapi sasa hivi kama si wewe? Ningekuwa chini, nagaragara. Mafundi wanangoja mkono wa nne wa pweza leo hii. Niletee ile ya kijivu, mwanangu, niende nayo karakana, kuna kompyuta ya betri pale."

Dayamí alienda chumbani akaichukua diski ya kijivu. Ilikuwa nyepesi mkononi, na ndani yake wasichana wasiojulikana walikuwa wakicheza dansi. Alitoka uani akasimama kando ya tangi la maji. Wazo lilimjia haraka, tena lilikuwa wazo lililopangwa vizuri: angesema umeme umeichoma na diski. Kompyuta imekufa, diski imekufa, nani angebisha? Mama angelia, lakini si kwa sababu yake. Angeulaumu umeme, na San Lino nzima ingemuunga mkono.

Lakini jikoni mama alikuwa bado anaimba. Alikuwa anaimba kwa sababu ya uongo wa Dayamí, na jambo hilo lilimshinda kulibeba.

Alirudi ndani. "Mama, humu hakuna michoro. Sikuifungua jana. Nilikudanganya." Akasema yote bila kupumzika, dansi, diski nyeusi, baba, Chicho.

Odalys aliweka chini kijiko cha kahawa. Kisha akauliza maswali mawili tu.

"Iko kwa Chicho tangu asubuhi?"

"Ndiyo, mama."

"Na La Laguna wanapata umeme saa ngapi leo?"

"Saa kumi."

Odalys aliangalia saa ya ukutani. Akavua aproni. "Vaa viatu. Hiyo ya kijivu njoo nayo. Nitakugombeza tukirudi, sasa hivi sina nafasi."

Kwa nyuki kuvuka barabara kuu mwezi wa Novemba ilikuwa tamasha tosha. Hawajafika hata kona ya kwanza, mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo akapaza sauti: "Odalys, umekuja kujisalimisha? Mapema hivi?"

"Nimekuja kuwapima, nijue majeneza ya saizi gani," Odalys alijibu bila kupunguza mwendo.

"Basi lete na asali tule msibani."

Watu walicheka barazani. Siku nyingine Dayamí angecheka nao. Walikuwa wamebakiza nyumba chache tu wakati mtaa mzima ulipopiga kelele kwa pamoja, kelele ile ya furaha ambayo huhitaji kuuliza maana yake. Redio zikaamka. Umeme umerudi La Laguna.

"Kimbia," mama alisema.

Dayamí alikimbia. Alimkuta Chicho, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ameketi mbele ya mashine zake, diski nyeusi mkononi, anatafuta tundu la kuichomeka.

"Mjomba Chicho, usiijaze hiyo. Tafadhali usiijaze."

Chicho alimtazama juu ya miwani. "Nyuki ndani ya nyumba yangu? Na wewe ni mtoto wa Lázaro. Baba yako anajua uko huku?"

"Kuna kitu humo. Umekwishaifuta?"

"Asubuhi, kabla umeme haujakatika. Kila kitu. Nimeona tamthilia za zamani, katuni, na folda moja imeandikwa Mapishi." Akatikisa kichwa. "Nikasema, mapishi ya Odalys? Nikifuta haya naokoa maisha ya watu."

"Nimekusikia," Odalys alisema mlangoni, anahema. Lakini alipoketi kwenye kiti, mzaha ulimtoka, akajifuta macho kwa kiganja. "Shemeji, yale siyo mapishi. Na umeme wa leo umeiua kompyuta."

Chicho hakuhitaji kuelezwa. Aliangalia diski mkononi mwake kama mtu aliyegundua kwamba amekalia yai. Michoro ya La Loma, siri yote ya upande wa pili, ilikuwa imelala mezani kwake tangu asubuhi, naye alikuwa ameifagia bila kujua.

"Hujaandika kitu juu yake?" Odalys aliuliza.

"Hata herufi moja. Mtoto amenikuta nakaribia kuchomeka." Alivua miwani akaifuta. "Basi usilie, shemeji. Kufuta siyo kuchoma. Ukifuta, mashine inang'oa tu kibao cha jina mlangoni, lakini waliomo ndani bado wamo. Wanaondoka pale wanapohamia wapangaji wengine. Ningeanza kumwaga tamthilia humu, hapo tungesema makiwa. Nina programu ya kuwatafuta. Lakini kuna masharti. Juu ya hii nyeusi hatuandiki chochote. Tutakachokitoa kinakwenda kwenye diski nyingine. Mnayo?"

Dayamí alinyoosha mkono na ile ya kijivu. "Imejaa. Naomba niitumie mashine yako dakika moja, mjomba." Mbele ya wote wawili alichagua dansi zote za Liset, akazifuta. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Chicho alichomeka diski zote mbili, akafungua programu, akamwonyesha Odalys pa kubonyeza. Kisha akafanya jambo ambalo Dayamí hakulitegemea. Alibeba kiti chake, akaenda nacho nje barazani, akakaa ameipa nyumba mgongo.

"Picha zitatokea kwenye kioo," alisema kutoka huko. "Sitaki kuziona. Nataka tuwashinde kwa gari, siyo kwa diski iliyokufa. Mkimaliza niiteni. Na haraka kidogo, nina watu wanasubiri tamthilia."

Akaanza kuimba, kwa sauti kubwa kabisa ili asisikie hata wanayonong'onezana, ule wimbo wa bata wa kuwakejeli nyuki. Wapita njia walimuuliza kwa nini amefukuzwa nyumbani kwake. Aliwaambia anaota jua.

Programu ilitafuta polepole. Odalys alishika mkono wa binti yake bila kuonekana kujua kwamba ameushika. Likatokea faili moja lisilo na jina, namba tupu. Akalifungua. Bwana harusi, samaki mwenye kofia ndefu. Likaja jingine, ngazi za matumbawe. Jingine, mkono wa kwanza wa pweza, wa pili, wa tatu. Kila lililokuja Dayamí alilifungua, akalikuza, akalitazama kutoka pembe hadi pembe, ndipo akalipa jina lake. Mama alicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Mchoro mmoja tu uligoma. Mgongo wa pweza ulifunguka nusu, nusu ya chini ikawa kijivu kitupu.

"Huyo mwache," Odalys alisema. "Mgongo wa pweza naweza kuuchora nimefumba macho."

Walipomwita, Chicho aliingia amefunika macho kwa kiganja mpaka alipohakikishiwa kwamba kioo kimezimwa. Aliketi, akamgeukia Dayamí.

"Sasa sikiliza, mtoto wa bata na nyuki. Diski inayosafiri kila wiki siyo mahali pa kuweka kitu chako. Nakala iwe na diski yake, isiyo na kazi nyingine. Na nakala nyingine ikae nyumba tofauti, kwenye laini tofauti ya umeme, maana ule umeme uliokuja leo ungekuta diski zote zimechomekwa pale kwenu, ungezila zote kwa mkupuo. Na nakala ambayo hujaifungua, bado huna nakala."

"Nimeelewa, mjomba."

"Utaelewa ukifanya." Alifungua droo, akatoa diski kuu ya zamani na diski ndogo ya nje iliyokwaruzika. "Hii kubwa mama yako ataifunga kwenye kompyuta yenu, mimi Novemba siwezi kuingia kwa nyuki. Hii ndogo iwekeeni nakala ya pili. Mtanirudishia mwakani, na Odalys, nakuomba usinipe chakula ulichopika kama shukrani."

Walirudi polepole. Walipovuka barabara, Odalys aligombeza kama alivyoahidi, na aligombeza sawasawa. Alipomaliza alisimama.

"Lakini lishike na hili. Jana ulinidanganya, na uongo ule ulitosha kuniharibia kila kitu. Leo umesema kweli, na umeisema mapema. Ungeikalia hadi jioni, tamthilia zingekuwa zimeingia, hata kama ungelia machozi ya ndoo. Kosa likisemwa bado bichi, mara nyingi lina dawa."

Jioni hiyo umeme wao uliporudi, safari hii kwa upole, Odalys alifungua kompyuta kwa bisibisi, akatoa diski iliyokufa, akafunga ile ya Chicho. Baada ya kuiwekea programu zake, alimkabidhi binti yake kiti. Dayamí alirudisha michoro yote kutoka diski ya kijivu, akanakili tena kwenye ile ndogo, akaichomoa, akaichomeka, akafungua mmoja mmoja. Ilimchukua muda mrefu, na wali ulipoa mezani. Hakuna aliyemharakisha.

Ilibaki kuamua nakala ya pili itakaa wapi. Karakana ilikuwa kwenye laini yao ya umeme. Majirani wote pia. Odalys alifikiri, kisha akaanza kutabasamu.

"Nyumba ninayoiamini yenye umeme tofauti ni moja tu. Ya mama mkwe."

"Kwa bibi Eneida?" Dayamí alidhani amesikia vibaya. Bibi Eneida, mama yake Lázaro, alikuwa bata kuliko bata wote. Alikuwa anashona mavazi ya La Laguna, na wimbo ule wa kuwakejeli nyuki inasemekana beti mbili alizitunga yeye. "Mama, si ataangalia?"

Odalys aliweka diski ndogo ndani ya bahasha, akaibandika gundi, akaandika jina lake juu ya mshono. "Mpelekee. Mwambie ni yangu na ni nini. Usimfiche kitu."

Dayamí alivuka barabara na bahasha kifuani, akamwambia bibi yake kila kitu, mpaka uongo wake mwenyewe. Bibi alisikiliza yote, akaichukua bahasha kwa ncha za vidole, akaifungia kwenye kabati lake la mavazi.

Desemba ikaja, na parranda ikaja nayo. Bata walileta kasri la barafu lililotoa moshi, watu wakapiga mayowe. Kisha pweza wa Odalys akaingia uwanjani, akainua mikono yake yote minane, akapiga ngoma, na La Loma nzima ikaruka juu. Dayamí alimwona baba yake upande wa pili, anaimba matusi dhidi ya pweza kwa nguvu zake zote, huku machozi ya fahari yanamtiririka. Nyuki walishinda. Ukiuliza La Laguna, watakwambia walishinda bata, kwa sababu hakuna mwamuzi na hajawahi kuwepo.

Siku iliyofuata Lázaro alikunja tena shuka zake, na Dayamí akaenda kumsaidia kuzibeba kurudi nyumbani. Bibi Eneida alimwita chumbani, akatoa bahasha. Gundi ilikuwa haijaguswa, jina la mama yake lilikuwa zima juu ya mshono.

"Bibi, hukutaka kuona?"

"Nilitaka kila siku. Kuna siku nilifungua kabati, nikaishika, nikajiambia niichungulie tu kidogo, nani atajua."

"Sasa mbona hukuifungua?"

Bibi aliketi kitandani akamweka kando yake.

"Kwa sababu mama yako alijua mimi ni nani, na bado akaniletea. Ningeifungua, asingeniletea kitu tena maishani, hata kama asingejua kamwe, maana mimi ningejua." Aliikandamiza bahasha mikononi mwa mjukuu wake. "Na ujiulize wewe, aliiweka mikononi mwa nani ailete hapa? Mwa mtoto aliyemdanganya. Alikuamini upya, Dayamí. Hakuna kitu kigumu kurejesha kama hicho, na wewe umerejeshewa. Sasa kitunze, na bahasha hii mrudishie mwenyewe, mkononi."

Dayamí aliibusu ile sura yenye makunyanzi, akaichukua bahasha kwa mikono miwili. Baba alikuwa anamngoja mlangoni na shuka begani. Walivuka barabara pamoja wakielekea nyumbani.